Nani Alikuwako Akahesabu?

Kila yanapotajwa mbele ya watu mafuvu ya Bonde la Olduvai au nyayo za Laetoli, na kila msemaji anapotamka kuwa fuvu hili lina umri wa miaka milioni moja na robo tatu na nyayo zile zimepita miaka milioni tatu na nusu, hakosekani katika hadhira mtu wa kuuliza, kwa dhihaka au kwa dhati, nani alikuwako siku hizo akahesabu. Aghalabu swali hilo hujibiwa kwa kicheko au kwa ukali, nalo halistahili kimojawapo, kwa maana ni swali la haki, na wataalamu wa elimu ya miamba wenyewe hujiuliza lilo hilo kila wanapoingia maabara. Ninalodai katika makala haya ni kwamba tarakimu za umri wa dunia zinastahili kuaminiwa, na sababu yake haimo katika shahada za waliozitoa wala katika thamani ya mashine zao, bali imo katika desturi yao ya kuwaita mashahidi wasiojuana, kuwahoji mmoja mmoja, na kutoifunga kesi mashahidi wanapohitilafiana mpaka mkweli ajulikane. Na ikiwa hivyo ndivyo, basi sisi tunaozitangaza tarakimu hizo magazetini, madarasani na makumbushoni tuna wajibu wa kumtaja shahidi pamoja na ushahidi wake.

Hamu ya kuujua umri wa dunia si ya jana. Al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, alipoyatazama mawe ya mito ya India akaona kuwa ni makubwa karibu na milima, kisha huzidi kuwa madogo mpaka yakawa mchanga kadiri mto unavyokaribia bahari, alihukumu kuwa nchi ile tambarare hapo kale ilikuwa bahari, ikajazwa na udongo wa mito. Lakini kwamba ilichukua muda gani, hakuwa na kipimo cha kumwambia. Mwaka 1650 Askofu Mkuu James Ussher wa Armagh, huko Ireland, alijumlisha miaka ya mababu na wafalme wa Biblia, akatoa hesabu kuwa dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Mwaka 1862 mwanafizikia William Thomson, ambaye baadaye alijulikana kwa cheo cha Lord Kelvin, aliichukulia dunia kuwa ni donge lililokuwa la moto na ambalo linaendelea kupoa, akakokotoa kuwa umri wake haupungui miaka milioni 20 wala hauzidi milioni 400, na uzeeni akaubana ukawa baina ya milioni 20 na 40. Hesabu ya Kelvin ilikuwa safi. Kasoro ilikuwa katika dhana iliyobeba hesabu hiyo, kwani hakujua kuwa mawe yenyewe huzaa joto, wala hakuzingatia kuwa miamba ya chini kabisa, japo ni migumu, hujongea polepole ikalipandisha joto juu. Watu hawa watatu hawakukosa akili wala bidii. Walichokosa ni kitu ndani ya jiwe lenyewe kinachoweka kumbukumbu ya wakati.

Kitu hicho kilianza kujulikana mwaka 1896, Henri Becquerel alipogundua mjini Paris kuwa uraniamu hutoa mionzi bila ya kuchochewa na chochote. Haikupita miaka mingi ikabainika kuwa atomu zinazotoa mionzi hiyo hugeuka kuwa atomu za jinsi nyingine, tena kwa mwendo ambao moto, mgandamizo na kemikali za maabara hazikuweza kuuharakisha wala kuuchelewesha. Uraniamu mwisho wake huwa risasi; na mwaka 1907 Bertram Boltwood wa Marekani, kwa kupima risasi iliyokusanyika katika mawe yenye uraniamu, alipata umri wa mamia ya mamilioni ya miaka, na jiwe moja likapita hata bilioni mbili. Vipimo vyake vilikuwa na kasoro nyingi, lakini njia ilikwisha kufunguliwa, na Arthur Holmes wa Uingereza akaitumikia takriban maisha yake yote. Mwaka 1956 Clair Patterson alitangaza, baada ya kupima risasi iliyomo katika vimondo, kikiwamo kile kilichoanguka Canyon Diablo katika jimbo la Arizona, kuwa umri wa dunia ni miaka bilioni 4.55, na akaongeza papo hapo kuwa huenda amezidisha au amepunguza miaka milioni 70. Tangu siku hiyo mpaka leo tarakimu yake haijatikisika ila kidogo sana.

Kwetu Afrika Mashariki shahidi mkubwa amekuwa potasiamu, na sababu yake ni volkano. Milima ya Bonde la Ufa ilitema majivu mara kwa mara juu ya mabonde na fukwe za maziwa ambako wanyama na watu wa kale waliishi na kufa, na majivu hayo yana chembe za fuwele zenye potasiamu ndani yake. Katika kila atomu 100,000 za potasiamu, 12 hivi ni za jinsi iitwayo potasiamu-40, ambayo hugeuka taratibu hata miaka bilioni 1.25 ikipita nusu yake huwa imekwisha. Sehemu kubwa huwa kalisi, na takriban moja katika kila tisa huwa gesi ya argoni. Argoni haishikamani na kitu. Jiwe likiwa uji wa moto gesi hiyo hutoka ikaenda zake, na jiwe likipoa likawa fuwele, argoni inayozaliwa tangu hapo haina pa kutokea. Basi anayejua ni potasiamu kiasi gani iliyomo na ni argoni kiasi gani iliyofungiwa, na anaujua mwendo wa mageuko yenyewe, huwa ameujua muda uliopita tangu mlima ulipotema. Msomaji atambue kuwa mfupa haupimwi. Yanayopimwa ni majivu yaliyo chini yake na majivu yaliyo juu yake, na umri wa mfupa huwa baina ya umri wa hayo mawili.

Kazi yenyewe, ilivyo siku hizi, ni ya subira kuliko ya maajabu. Bonge la jiwe jepesi lenye matundu, lililotapikwa na volkano na kuokotwa ndani ya tabaka la majivu, hupondwa, huchekechwa na kuoshwa, kisha mtu hukaa mbele ya hadubini na kibano mkononi, akiokota punje za fuwele zisizozidi ukubwa wa chembe ya sukari, akiitupa kila iliyochakaa au yenye uchafu wa jiwe jingine. Zilizochaguliwa hupelekwa katika kinu cha nyuklia pamoja na punje nyingine ambazo umri wake unajulikana tayari, ili sehemu ya potasiamu yake igeuzwe kuwa argoni ya jinsi ya pili na iweze kupimwa pamoja na ile ya kwanza kwa mkupuo mmoja. Kisha punje moja moja huyeyushwa kwa mwali wa leza ndani ya chumba kilichoondolewa hewa, gesi inayotoka huingia katika mashine inayozitenga atomu kwa uzito wake, na mashine ikazihesabu. Punje kumi zikitoa jibu moja, mpimaji huanza kutulia. Moja ikitoa jibu la peke yake, huulizwa imetoka wapi.

Tarehe 17 Julai 1959 Mary Leakey, wakati mumewe Louis amelala kambini kwa maradhi, aliona fuvu na meno yakichomoza katika tabaka la chini la Olduvai. Louis Leakey alikisia kuwa fuvu hilo, ambalo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, lina miaka 600,000 hivi. Mwaka 1961 Jack Evernden na Garniss Curtis wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, wakiandika pamoja na Leakey, walitangaza kuwa majivu ya tabaka lile yana miaka milioni 1.75. Umri ulizidi takriban mara tatu kwa kipimo kimoja, na walikuwako wataalamu waliokikataa. Mwaka 1965 akaitwa shahidi mwingine asiyeijua argoni: atomu za uraniamu, mara chache, hupasuka vipande viwili, na kila mpasuko huacha mkwaruzo ndani ya kioo cha volkano, hata anayeihesabu mikwaruzo hiyo hupata umri. Jibu lilikuwa miaka milioni 2.03, huku na huku 280,000, ambalo ndani ya mipaka yake lilikubaliana na la kwanza. Tena ikaonekana kuwa lava ya Olduvai iliganda wakati ambapo sumaku ya dunia ilikuwa imeelekea kaskazini kama ilivyo leo, ilhali kabla yake na baada yake ilikuwa imegeuka kuelekea kusini. Na kipindi hicho kifupi, ambacho alama zake zimeonekana hata katika miamba ya chini ya bahari kuu, kimepewa na walimwengu wote jina la Olduvai.

Lakini mashahidi wakiafikiana hatuijui nguvu ya mahakama. Huijua siku wanapogombana. Ugomvi ulio mashuhuri kuliko yote ulitokea Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, ambako mwaka 1969 mwanajiolojia kijana wa Marekani, Kay Behrensmeyer, aliona zana za mawe katika tabaka la majivu, na mahali pakaitwa KBS kwa herufi za jina lake. Mawe yalipelekwa Uingereza kwa Frank Fitch na Jack Miller. Kipimo cha kwanza kilitoa miaka inayozidi milioni 200, jambo lisilowezekana kabisa, nao wakatambua kuwa mto uliosomba majivu ulichanganya ndani yake chembe za miamba ya kale. Walipotafuta fuwele safi zaidi walipata miaka milioni 2.61, huku na huku 260,000. Mwaka 1972 Bernard Ngeneo, mmoja wa watafutaji hodari wa Kenya, aliona vipande vya fuvu chini ya tabaka hilo, fuvu lililosajiliwa kwa nambari 1470. Na kwa kuwa lilikuwa chini ya majivu ya miaka milioni 2.6, Richard Leakey, mwana wa Louis na Mary, alilitangaza kuwa la miaka karibu milioni 2.9, na ukubwa wa ubongo wake ukawashangaza watu duniani kote.

Waliolipinga jambo hilo walikuwa nguruwe. Meno ya nguruwe wa kale yalibadilika umbo kwa kasi kadiri zama zilivyopita, na Basil Cooke, aliyewajua nguruwe hao kuliko mtu yeyote, aliona kuwa walio chini ya majivu ya KBS wanafanana na wale wa bonde la Omo, huko Ethiopia, kaskazini ya ziwa lilo hilo, ambao walilala katika matabaka ya miaka karibu milioni 2 tu. Mwaka 1975 Curtis na wenziwe walipima majivu ya KBS upya, wakapata milioni 1.6 mahali pamoja na 1.82 mahali pengine. Fitch na Miller hawakukubali, na mwaka 1976 mikwaruzo ya uraniamu ilionekana kuwaunga mkono. Kwa miaka kadha wanazuoni waligawanyika makundi mawili, na maneno mikutanoni hayakuwa matamu. Mwisho Andrew Gleadow aliihesabu mikwaruzo upya kwa uangalifu zaidi, mwaka 1980 akatoa milioni 1.87, Ian McDougall wa Canberra, Australia, akapima argoni kwa njia zote mbili, ya awali na ile ya kinu cha nyuklia, akapata 1.89 na 1.88, na Thure Cerling na Frank Brown wakaonyesha kwa kemia ya kioo chake kuwa majivu ya KBS na tabaka fulani la Omo yalitoka katika mlipuko mmoja. Nguruwe walikuwa wamesema kweli, na fuvu la 1470 likavuliwa takriban miaka milioni moja ya umri wake.

Mwenye kubeza atasema: mnaona, walikosea. Naam, walikosea, lakini na aulize nani aliyewagundua. Waligunduliwa na wenzao wa kazi ile ile, kwa njia nyingine, wakati ambapo tarakimu ya kwanza ilikwisha kupata sifa na ingalikuwa raha kwa wengi kuiacha kama ilivyo. Kauli inayokubali kupimwa upya na adui yake, ikashindwa, ikaondoka, ina insafu kuliko kauli isiyoruhusu kuulizwa.

Insafu hiyo inatutaka sisi nasi tusimtwike shahidi asiyokuwako kuyaona. Kosa linalorudiwa mno katika mazungumzo yetu, na wakati mwingine katika maandishi, ni kusema kuwa mifupa ya Olduvai na ya dinosaria ilipimwa kwa kaboni. Kaboni-14, ambayo Willard Libby aliifanya kuwa kipimo mwaka 1949, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, na ikifika miaka 50,000 hivi kinachobaki ni kidogo mno kupimika. Ni shahidi bora wa mkaa wa majiko ya kale ya Kilwa, na ni bubu mbele ya fuvu la miaka milioni. Olduvai yenyewe ilimhitaji mara moja: mwaka 1913 Mjerumani Hans Reck alifukua mifupa ya mtu katika tabaka la pili kutoka chini, akashikilia kuwa mtu huyo ni wa zama za wanyama waliotoweka waliolala tabaka hilo, uchunguzi wa baadaye ukabainisha kuwa alizikwa humo kwa kuchimbiwa kaburi, na kaboni ikampa miaka 17,000 tu.

Pasipo majivu hutafutwa njia nyingine. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, ambako Wajerumani walichimba dinosaria baina ya 1909 na 1913 na kuwachukua hadi Berlin, umri wa miaka milioni 150 hivi unatokana zaidi na visukuku vya viumbe wa baharini vilivyolala katika matabaka yanayopishana na yale ya mifupa, kwa kulinganishwa na vya nchi ambazo miamba yake ilikwisha kupimwa. Katika pango la Panga ya Saidi, katika kaunti ya Kilifi, mtoto wa miaka isiyozidi mitatu aliyezikwa kwa kulazwa ubavu, ambaye wachimbuaji walimwita Mtoto, amekadiriwa kwa nuru iliyofungwa katika chembe za mchanga: punje ya mchanga ikifunikwa isilione jua hujilimbikizia nguvu ya mionzi ya ardhi inayoizunguka, na ikimulikwa ndani ya maabara ya giza huitoa nguvu hiyo kwa kumeremeta, nayo ikapimwa. Jibu lililochapishwa mwaka 2021 lilikuwa miaka 78,000, huku na huku 4,000 hivi, na kaburi hilo likahesabiwa kuwa la kale kuliko yote yanayojulikana Afrika ya watu wa jinsi yetu.

Imebaki hoja moja yenye uzito: tunajuaje kuwa mwendo wa mageuko ya atomu haukuwa tafauti hapo kale? Jibu mojawapo limo Afrika, katika machimbo ya uraniamu ya Oklo nchini Gabon, ambako mwaka 1972 Wafaransa waligundua kuwa mwamba wenyewe uliwaka kama kinu cha nyuklia karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Mabaki yake, atomu kwa atomu, yanalingana na kanuni zinazofuatwa na vinu vya leo. Na jibu la pili limo Italia. Mlima Vesuvius ulilipuka mwaka 79 ukaifunika Pompeii, na Pliny Mdogo, aliyeuona kwa macho kutoka ng'ambo ya ghuba, aliandika habari zake. Mwaka 1997 Paul Renne na wenziwe wa Berkeley walitangaza kuwa wameipima argoni ya fuwele za majivu yale kama wapimavyo mawe yasiyokuwa na mwandishi, wakapata miaka 1,925, huku na huku 94. Umri wa kweli ulikuwa miaka 1,918. Hapo alikuwako mtu, na jiwe halikumkadhibisha.

Kwa haya yote nina maombi mawili. La kwanza ni kwa waandishi, walimu na waongozaji wa watalii: tarakimu ya umri isitolewe peke yake, bali itajwe imepimwa kwa njia gani, imepima kitu gani, na mpimaji amejiwekea nafasi ya kukosea kiasi gani. Maneno hayo hayazidi mstari mmoja wa gazeti, na mwanafunzi anayeyasikia tangu shule ya msingi hatakuwa mwepesi wa kuamini kila kitu wala wa kukadhibisha kila kitu.

La pili ni kwa serikali na vyuo vikuu vyetu. Mawe ya Olduvai na ya Turkana niliyoyasimulia yalisafiri hadi Berkeley, Cambridge na Canberra kwenda kutoa ushahidi wao, ilhali mikono iliyoyafukua mabonde hayo kwa miongo mingi ilikuwa, kwa sehemu kubwa, ya Watanzania na Wakenya. Mashine hizi ni ghali na mafundi wake hawaandaliwi kwa siku moja, na hiyo ndiyo sababu ya kuanza mapema na kuanza kwa ushirika. Tanzania, Kenya, Uganda na Ethiopia zina Bonde la Ufa moja na majivu ya milima ile ile. Zichangie maabara moja ya kupimia umri wa miamba, ziwasomeshe vijana wachache kila mwaka, na ziweke sharti kuwa sampuli ya mwamba wa Afrika Mashariki ikienda kupimwa ng'ambo, mwenzake apimwe hapa nyumbani.